Halbadiri ya Mchezo

Mimi sipendi mambo ya kuigiza. Nilisema hivyo nilipoolewa na Chirau, nikasema tena alipopata kazi kwenye lori la sabuni, na leo ukiniuliza nitasema vile vile. Watu wa Msambweni walikuwa wakinicheka. Walisema, Biasha, mume wako sauti yake inatoka kwenye redio ya Mombasa, sura yake imeonekana kwenye sinema, na wewe umekunja uso tu. Naam, niliukunja. Ninao huu mmoja, sina wa pili wa kuvaa.

Kazi yake ilianzia kwenye harusi. Alikuwa akialikwa aje achekeshe watu, basi anamwiga kadhi, anamwiga mzungu wa shamba la mkonge, anamwiga mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hadi wakunga wenyewe wanashika mbavu. Kampuni moja ya sabuni ikamsikia, ikamchukua yeye na rafiki yake Waziri, wakawa wanazunguka na lori kutoka Likoni hadi Lungalunga. Lori likifika sokoni linashushwa ubavu, ubavu unakuwa jukwaa. Chirau anakuwa mume mchafu, Waziri anajifunga leso anakuwa mke, wanagombana, watu wanacheka, sabuni inauzwa. Baadaye redio ikawa inamwita asome vichekesho vya jioni. Kisha, mwaka 1955, wazungu wa sinema wakawatia wote wawili katika picha ya kufundisha watu wachemshe maji. Chirau alikuwa mjinga anayekunywa maji ya dimbwi, Waziri alikuwa jirani mwerevu. Picha ile ilipelekwa hadi Taru, na wachunga ng'ombe wa huko wakikutana na Chirau barabarani walikuwa wakimnyooshea kibuyu cha maji na kucheka.

Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha, na sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na zile kazi zake za pembeni. Akirudi safari hapumziki. Anatunga michezo yake mwenyewe, anasuka nywele kwa makumbi ya nazi, anatengeneza ndevu kwa manyoya ya mbuzi, nyumba nzima inanuka ulimbo wa mfenesi anaotumia kugandishia. Na kila Idi anaweka mchezo wake uwanjani, bila sabuni, bila mzungu wa kumwambia simama hapa. Moyo wake ulikuwa humo. Nguo nilishona mimi. Nilishona huku nikinung'unika, lakini nilishona.

Sasa nitakwambia habari ya mtoto, maana bila hiyo hutanielewa.

Tulikuwa na binti mmoja, Mapenzi. Hakuwa amefika umri wa kuota meno ya pili. Homa ilimkamata mwaka ule ule wa sinema, wakati lori la sabuni liko Lungalunga na wazungu wako huko huko wakichagua watu wa picha yao. Nilipoona mtoto anazidi, nilisimama barabarani nikamsimamisha dereva wa lori la miwa, mtu nisiyemjua, nikamwambia, nenda ukawaambie watu wa sabuni kwamba mtoto wa Chirau ni mgonjwa sana, anamwita baba yake. Akaapa kwamba atafikisha. Mtoto aliita baba usiku kucha na siku ya pili yake. Siku ya tatu hakuita tena. Chirau alirudi akakuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Hakumwosha mwanawe, hakumswalia, hakumtia udongo.

Aliniambia neno moja, kwamba hakuambiwa. Alilia sana. Nami sikumwamini. Niambie wewe, ningemwaminije? Nilikuwa nimemwona mtu huyu akilia machozi ya kweli mbele ya soko zima kwa ajili ya kipande cha sabuni. Machozi ya makaburini ningeyajuaje kama si yale yale? Nilijiambia kwamba dereva alifikisha neno, Chirau akapima mtoto na sinema, akachagua sinema. Tangu siku hiyo nilimpikia, nilimfulia, nilimshonea, lakini uso wake sikuugusa.

Ndivyo tulivyoishi hadi Idi ya Mfungo Tatu ya mwaka 1957, alipokuja na jambo la Halbadiri.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa Halbadiri. Ukiibiwa na mwizi akakataa kusema, unamwendea mwalimu, anafukiza ubani, anasoma majina ya wale mashahidi wa Badri, na mwizi popote alipo yatamfika. Wengine huvimba, wengine hupotewa na sauti, wengine huanza kuokota makopo njiani. Hata mwenye haki huogopa kuisomesha, maana ikisomwa ovyo humrudia aliyeitaka. Watu wengi, wakisikia kesho itasomwa, usiku huo huo kuku au baiskeli hurudishwa mlangoni kimya kimya. Basi Chirau akatunga mchezo wa mwizi aliyeiba taa ya msikiti. Waziri awe mwizi. Yeye Chirau awe mwalimu, na asome Halbadiri jukwaani mbele ya watu.

Nilimwambia kwamba amepata wazimu. Akacheka, akasema hatasoma jina hata moja. Ataguna tu kwa mahadhi ya kisomo, ndani ya ndevu, mtu aliyekaa mbele asikie sauti asisikie neno. Nikamwuliza atakuwa anaguna nini. Akasema, chochote kitakachokuja mdomoni. Nikamwambia asinitie mimi katika hilo, kisha nikaenda nikamshonea joho.

Habari zikamfikia Maalim Abdurahman, aliyetusomesha Kurani sote, mimi na Chirau na Waziri. Alikuja mwenyewe hadi barazani kwetu na fimbo yake. Chirau alimwamkia shikamoo, akambusu mkono, akamweleza kwa adabu kwamba hatasoma chochote kitakatifu, ni kuiga tu. Maalim aliegemea fimbo yake. Kisha akasema:

"Wewe unajua kwamba husomi, Chirau. Atakayekusikiliza hajui."

Akaondoka bila kunywa kahawa yetu. Nilitaka Chirau aone aibu aache. Lakini mtu akishaupenda mchezo wake ni kama mwanamke aliyeshachovya mkono kwenye unga, hawezi kuamkia wageni mpaka amalize. Aliendelea.

Siku ya Idi, baada ya alasiri, uwanja ulijaa. Walikuja watu kutoka Gazi, walikuja wa Bodo na watoto wao mgongoni. Mwanzoni walicheka. Waziri alikuwa hodari wa kuchekesha, aliiba ile taa kwa mikogo, akaificha ndani ya suruali ikawa inamsumbua. Halafu Chirau akatoka na joho, ndevu nyeupe, chetezo cha ubani mkononi. Kicheko kilikatika. Wallahi alikuwa Maalim mtupu, hata ile namna ya Maalim ya kukohoa kabla ya kusoma. Akakaa akaanza kuguna. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo, na ile sauti ikanisimamisha nywele. Wazee watatu walinyanyuka wakaondoka. Kina mama waliwafunika watoto masikio kwa leso zao.

Katika mchezo, Waziri alitakiwa asimame mpaka kisomo kiishe, ndipo aanguke. Alianguka kabla. Alianguka chali, taa ikamvunjikia chini ya mgongo, na mdomo wake ukawa unafunguka na kufumba hautoi kitu. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mimi nilikuwa nimeona mazoezi, kwa hiyo sikupiga makofi.

Chirau alimwinua, akamshika mkono wainame mbele ya watu. Waziri aliinama. Alipofika nyumbani kwao akalala, na asubuhi sauti haikutoka. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono, tena wa kujikaza.

Tukadhani ni mafua. Siku zikapita. Chakula kikawa hakipiti, miguu ikawa haimbebi. Mama yake, Bi Mwanapili, jirani yetu, alimpeleka hospitali, daktari akampima akasema mwili ni mzima, ale tu. Hakula. Mtu aliyekuwa akijaza leso ya mke jukwaani akabaki mifupa. Na mjini maneno yakaanza, kama yanavyoanza. Waziri ameiba. Lakini ameiba nini? Hakuna aliyepotelewa na kitu. Watu walihesabu mbuzi wao, walifungua makasha yao, kila kitu kipo. Hilo ndilo lililotisha watu zaidi. Walianza kukwepa nyumba ile, na wakiikwepa ile wanaikwepa na yetu.

Chirau alikuwa akienda kumtazama kila siku. Wakati ule ule akaitwa Nairobi, kwenye picha kubwa, sehemu ya maana safari hii, si ya mjinga wa dimbwini. Alikataa. Alisema haondoki mpaka Waziri ainuke. Nami, Mungu anisamehe, nilijiambia moyoni kwamba hata hili anaigiza.

Siku moja aliniomba tufuatane. Tulimkuta Waziri amelazwa kwenye kitanda cha kamba, macho yamezama. Chirau alipiga magoti akamweleza yote. Akamwambia kwamba hakusoma jina hata moja, kwamba alichokuwa akiguna ni vituo vya lori: Likoni, Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Gazi, akifika Lungalunga anarudi tena Likoni. Akamgunia pale pale, kwa mahadhi yale yale. Ningecheka kama si ile sura iliyokuwa kitandani.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanong'ona kwamba amefanya naye kazi miaka yote, anamjua. Alisema Chirau angeweza kumwambia kwamba bahari imekauka na yeye angeenda kuokota samaki. Sasa anamhurumia, kwa hiyo anaigiza, na anaigiza vizuri. Halafu akageuza shingo, akaniangalia mimi.

"Biasha, wewe hujui uongo. Alisoma au hakusoma?"

Ningeweza kusema hakusoma. Ni neno dogo. Lakini nilikuwa sijui, na mimi nikiwa sijui nasema sijui. Nilimwambia kwamba nilisikia mahadhi, maneno sikuyasikia. Waziri akafumba macho. Bi Mwanapili alianza kulia kwa sauti ya chini, na Chirau akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Akaenda kwa Maalim Abdurahman, akamwangukia miguuni. Maalim hakumfukuza. Alisema hawezi kuondoa kisomo ambacho hakukisoma, na kama hakikusomwa hakuna cha kuondoa. Alisema mwizi arudishe alichoiba, au amwombe radhi mwenye kitu, hakuna njia ya tatu. Tukamwuliza Waziri ameiba nini. Alikunja midomo akageukia ukutani. Siku ile Bi Mwanapili alinijia jikoni, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama mtu asiyejua amekalia nini, akaniuliza kama ninayo sanda ya akiba. Nilimwambia ninayo. Niliisema kwa ukali, kisha nikajuta.

Chirau alikaa barazani mchana kutwa. Jioni akaniambia alichokusudia. Kama Waziri hawezi kuamini kwamba hakusomewa, basi na aje mtu amwondolee. Mtu mgeni, asiyemjua. Sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, kutoka kisiwa cha Wasini, anapita kwenda Mombasa. Mtu huyo atamsikiliza, atampokea toba yake, atamwambia umepona. Nikamwuliza sharifu huyo yuko wapi. Akajigusa kifua.

Nilimwambia kwamba kisu kilichomkata mtu ndicho anachotaka kumtibia. Akaniambia, kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, kwamba hana kisu kingine. Na nisipomsaidia, Waziri atazikwa kabla ya mwezi kuandama, na yeye Chirau ndiye atakuwa amemwua.  Basi nikasema, haya.

Aliaga watu wote, akapanda basi mchana mbele ya macho yao, anakwenda Mombasa kusoma redioni. Alirudi kwa njia ya pwani, akaingia uani kwetu kimya kimya. Nilimnyoa kichwa, masharubu akanyoa mwenyewe. Alitia pamba mashavuni, akatia kijiwe ndani ya kiatu ili mwendo wake ubadilike, maana Waziri alikuwa akiujua mwendo wake hata gizani. Ndevu za zamani hakuzitaka. Alitengeneza mpya, unywele mmoja mmoja, akazigandisha kwa ulimbo mpaka zikashika kama zimeota. Akajifukiza udi. Akachagua maneno machache ya watu wa Wasini, ya kusema kwa kunong'ona, ili sauti isimchongee. Alipotoka chumbani nilimwamkia shikamoo sharifu, mimi niliyemnyoa. 

Nikaenda kumwambia Bi Mwanapili kwamba tuna mgeni, sharifu, na Chirau hayupo. Yule mama hakuuliza la pili. Yeye na jamaa zake walimbeba Waziri juu ya kitanda chake kile kile, wakamleta sebuleni kwetu. Ilikuwa baada ya alasiri, mvua ya kusi inarashia, chumba kina kigiza. Jamaa wakatoka. Akabaki mgonjwa, mama yake mlangoni, na sharifu kwenye mkeka na tasbihi yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, na sinia la kahawa mkononi.

Sharifu alimsomea Fatiha, ya kweli hiyo. Akamwekea mkono kichwani. Nilimwona Waziri akifumba macho, mwili ukalegea, nikajua amemwamini. Huyu aliyejua kila hila ya mume wangu, amemwamini. Nikasema moyoni, basi tutatoka salama.

"Umeiba nini, mwanangu?" sharifu alimwuliza.

"Nimeiba neno," Waziri alinong'ona.

"Neno la nani?"

"La Biasha, mke wa rafiki yangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, kidogo kidogo, anapumzika katikati. Alisema siku ile Lungalunga dereva wa lori la miwa alimkuta yeye, si Chirau. Chirau alikuwa nyuma ya lori anapakwa masizi usoni, na wazungu wa sinema wameshakaa kwenye viti. Dereva akasema mtoto wa Chirau ni mgonjwa sana, anamwita baba yake. Waziri akamjibu, nimesikia, nitamwambia. Hakumwambia. Kama Chirau angeondoka, mchezo haupo, na yeye Waziri peke yake nani angemchukua? Alijiambia ni homa tu, kila mtoto anaugua homa. Kesho nitamwambia. Kesho wazungu wakataka kuwaona tena, akasema kesho kutwa. Wakachukuliwa wote wawili. Waliporudi Msambweni wakakuta matanga, naye akalia pamoja na watu wengine, na tangu hapo kila anapokula kwetu chakula hakina ladha. Halafu siku ya Idi alisimama jukwaani, akamsikia mwalimu akisoma, akajua kwamba anasomewa yeye.

Tasbihi ya sharifu ilikuwa imesimama. Niliiona kupitia upenyo wa pazia, punje moja katikati ya vidole viwili. Nilingoja mume wangu ainuke amkabe koo. Nilimtaka amkabe. Hakuinuka. Punje ikasogea, ikafuata nyingine, na ile sauti ya mnong'ono ya Wasini ikasema kwamba mwenye haki ni mama wa mtoto, na aitwe.

Nikatoka na sinia langu. Sikumwangalia Waziri. Nilimwangalia sharifu, usoni kabisa, nikimtafuta Chirau. Hakuwapo. Palikuwa na ndevu, palikuwa na pamba mashavuni, palikuwa na mzee mpole wa Wasini aliyekuwa akiningoja. Lakini chini ya kilemba mishipa ya shingo ilikuwa imesimama kama kamba, na hapo nikaelewa anafanya nini. Alikuwa ameushikilia ule uso kwa nguvu zake zote, kwa sababu akiuachia Waziri atakufa. Amesikia nani aliyemnyima mtoto wake, na bado ameushikilia. Nikaelewa na jingine, na hilo liliniuma kuliko yote. Miaka miwili mume wangu alikuwa akiniambia kweli, na mimi nilimfanya mwongo ndani ya nyumba yake.

"Mama," sharifu akaniuliza, "unamsamehe?"

Nilijua ninatakiwa kusema nini. Hata Bi Mwanapili pale mlangoni alikuwa ameshaweka viganja vyake pamoja akinisihi. Neno moja, kwa sauti nzuri, na mgonjwa angekaa akanywa uji. Lakini hasira ilinipanda kutoka miguuni. Mtoto wangu alikuwa amefanywa kitu cha kungoja mpaka mchezo uishe. Na sasa nisimame hapa, mbele ya manyoya ya mbuzi, niseme maneno niliyotungiwa juu yake? Nilitua sinia chini, nikamwinamia mume wangu, nikazishika zile ndevu kwa mikono miwili, nikazivuta. Ulimbo ulishika, ngozi ikaja nazo. Bi Mwanapili alipiga yowe.

"Huyu ni Chirau," nilimwambia Waziri. "Hakuna sharifu. Na Halbadiri haikusomwa. Aliguna vituo vya lori, kama alivyokuambia."

Waziri alimtazama Chirau, kidevu chekundu, pamba zimetokeza mdomoni. Kisha akanitazama mimi.

"Siku ile ulisema hujui," akasema.

"Siku ile nilikuwa sijui. Sasa najua. Aliniambia hakupata neno langu nikamkanusha, na wewe umetoka kusema kwa mdomo wako kwamba hakulipata. Mtu huyu hajanidanganya hata siku moja. Akisema hakusoma, hakusoma."

Nikaona kitu kinamtoka. Sijui nikielezeje. Mabega yalishuka, kifua kikajaa pumzi, na macho yakarudi mbele kutoka kule yalikokuwa yamezama. Aliniamini palepale, kwa sababu ni mimi niliyesema, na mimi sijui kupamba. Akajiinua kwa kiwiko.

"Kwa hiyo sitakufa?"

Lilitoka kwa sauti. Ile sauti yake nene ya sokoni, iliyokuwa ikifika hadi nyuma ya umati bila kipaza sauti. Hata yeye ilimshtua.

"Hutakufa," nilimwambia. "Na mimi sikusamehe, Waziri. Utapona, utakula, utaoa, utazeeka hapa hapa Msambweni. Kila utakapokutana nami njiani utanisalimu, na mimi nitakuitikia. Nenda na mama yako."

Alifunua mdomo ajibu, badala ya jibu akalia, kwa ile sauti yote aliyorudishiwa, mpaka watu wakasimama barabarani kusikiliza. Bi Mwanapili alikuwa amemkumbatia kichwa, anamshukuru Mungu kwa sauti ya mwanawe, anacheka na kulia pamoja, sidhani kama alikuwa amesikia neno jingine lolote. Chirau alikuwa bado ameketi pale pale kwenye mkeka. Alitoa pamba moja mdomoni, kisha ya pili, akaziweka kwenye sinia kando ya vikombe, na mikono yake haikujua iende wapi tena. Damu ilikuwa ikimchuruzika shingoni. Nilichovya ncha ya leso yangu katika maji, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kumfuta uso.